Mitufaha ya zamani ya Limuru ising'olewe

Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo wa juma lililopita uliwashauri wenye mitufaha ya zamani pande za Limuru, Tigoni na Kikuyu waing'oe, wapande aina mpya. Sababu zilikuwa tatu: tunda lake limepauka, likiguswa tu linaingia doa, na sokoni halina jina. Naomba nafasi nijibu, tena mapema. Ushauri wa aina hii husomwa na mwenye shamba ambaye tayari alikuwa akitafuta kisingizio, na kabla ya saa nne asubuhi mwenye msumeno ameshapigiwa simu.

Mimi ni muuza miche kando ya Barabara ya Ngong. Mkipita pale na matatu mnatuona: maparachichi ya Hass, miembe, mipera, mikomamanga, na maua ya watu wanaomalizia nyumba, yote yamevaa vumbi. Lakini kazi yangu hasa ni kisu. Ukinunua mche wa parachichi pale ukaona kovu karibu na shingo ya shina, hapo ndipo mkono wa mtu kama mimi ulipopita. Basi siandiki kama mtu anayelilia vya kale. Aina mbovu naitupa bila kuifanyia matanga. Kuna miplamu ya zamani huko Limuru ambayo hata kima huionja na kuiacha. Hiyo ing'olewe kesho, sitasema neno.

Mti ninaoutetea uko Tigoni, nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu, mama wa watu ambaye hapendi jina lake liandikwe magazetini. Alipoinunua nyumba ile, mti ulikuwa mzee tayari. Gome limechanika vipande vipande, tawi moja limeegemezwa kwenye nguzo ya mkalitusi, na kwenye panda la shina kuna kibati cha zinki ambacho gome limekimeza nusu. Nilikisugua kwa kitambaa chenye jivu, herufi zikajitokeza, zimegongwa moja moja kwa ncha ya msumari: WINTER BAN. Zilizobaki zimo ndani ya mti.

Ni aina ya tufaha iitwayo Winter Banana. Kibati peke yake si ushahidi wa kutosha, watu hubandika vibati ovyo, lakini tunda lenyewe linakubaliana nacho. Ni la manjano hafifu, ngozi yake ina nta yake yenyewe, laini, na shavu moja limeingia waridi upande uliokuwa ukipigwa na jua. Ulizungushe polepole mkononi: mengi yana mstari mwembamba ulioinuka kidogo, unaoshuka kutoka kwenye kikonyo hadi kitovuni, kama mshono wa nguo. Mstari huo ndio wajuzi wa matufaha huutafuta wanapotaka kulitambua. Matufaha ya manjano ni mengi duniani, ila yenye mshono huo si mengi.

Ukiliuma likiwa limetoka mtini asubuhi ile, linavunjika kwa sauti. Nyama ni nyeupe iliyoelekea krimu, maji tele, uchachu upo lakini wa adabu, na utamu hauparamii ulimi. Likikaa mezani siku kadhaa hulainika kidogo na harufu inafunguka. Harufu hiyo ndiyo iliyowafanya Wamarekani walitaje pamoja na ndizi. Mwalimu huyapanga kwenye sinia sebuleni, hayagusani. Mgeni akiingia huanza kwa kuuliza kuna nini kinachonukia, ndipo akumbuke kusalimu. Si tunda la kupika. Ukilitia kwenye sufuria linakuwa uji usio na ladha ya maana. Ni la kuliwa hivi hivi, na maganda yake.

Asili yake inajulikana. Lilitokea katika shamba la David Flory, karibu na Adamsboro, jimbo la Indiana, yapata mwaka 1876, na mwaka 1890 kampuni ya Greening Brothers ya Michigan ikaanza kuuza miche yake. Wasomaji wasiofanya kazi hii huenda wasijue kwamba mbegu ya tufaha haizai mti wa mama yake. Panda mbegu kumi za tunda moja, utapata miti kumi yenye tabia kumi, na bahati yako ikiwa mbaya yote kumi itazaa matunda ya kulisha mbuzi. Aina huendelezwa kwa kijiti tu: unakata kipande cha tawi, unakipandikiza kwenye shina jingine, na kinachoota ni mti ule ule. Kwa hiyo mti wa mwalimu si mjukuu wa mti wa Flory. Ni mti wa Flory wenyewe, uliopitishwa kutoka kisu hadi kisu mpaka Tigoni. Msumeno ukipita pale, hapo Tigoni mlolongo huo unakatika, na huwezi kuurudisha kwa kuhifadhi mbegu.

Sasa nije kwenye doa. Ni kweli kabisa. Ngozi ile haifichi kitu. Mbonyeze kwa kidole gumba leo, kesho kidole chako utakikuta pale, cha kahawia. Ndiyo maana hata kwao Marekani halikuwahi kutawala soko. Kule Washington, jimbo linaloongoza kwa matufaha, wakulima waliupanda mti huu katikati ya mistari ya matufaha ya Delicious kwa ajili ya maua yake, ili nyuki wapate chavua ya kupelekea miti mingine. Tunda halikuwa shabaha yao.

Lakini mwandishi wenu amechukua hukumu ya msafirishaji akaifanya hukumu ya mlaji. Fikiria tufaha la kawaida la Nairobi linavyofika. Mengi hutoka Afrika Kusini, kwenye mabonde ya Ceres na Elgin kule Western Cape. Huvunwa kati ya Januari na Mei. Yanayotakiwa kuuzwa baadaye hufungiwa kwenye vyumba vya baridi vilivyopunguzwa oksijeni, ili tunda lipumue polepole na lisizeeke. Elimu hiyo ilianzia Cambridge, Uingereza, kwa kazi ya Franklin Kidd na Cyril West miaka ya 1920. Kisha kontena, kisha bahari, kisha Mombasa, kisha lori hadi Nairobi. Pale Marikiti maboksi yanarushwa, mkokoteni unaruka mashimo, na mchuuzi wa Muthurwa analipangusa kila moja kwa kitambaa mpaka uone uso wako. Tunda la Novemba limeweza kuishi nusu mwaka tangu liondoke mtini. Tunda la safari kama hiyo lazima liwe gumu, liwe na ngozi ya kustahimili, liwe na rangi inayoficha makovu. Sina ugomvi nalo. Wajukuu wangu hulila na mimi hulila.

Ila kutoka Tigoni hadi soko la Wangige ni mwendo wa kumaliza gazeti hili, na hadi Westlands ni foleni tu inayochelewesha. Kreti moja, nyasi kavu chini, safu mbili na si tatu, mtu anaipakata kwenye matatu. Mkulima wa Limuru hana kontena wala bahari. Kwa nini achague tunda kwa vipimo vya bahari? Akipanda tunda la kusafiri atashindana na wale wanaolilima kwa maelfu ya ekari na meli zao, naye atashindwa bei asubuhi ya kwanza. Akipanda lile lisiloweza kusafiri, hakuna meli itakayomletea mpinzani. Hilo ndilo nililotaka kusema. Mengine haya ni maelezo.

Wateja je? Msimu mwalimu anaponigawia, huweka machache kwenye kibanda changu, juu ya gunia safi, na kisu pembeni. Wanasimama. Mama mmoja wa magari makubwa aliteremsha kioo.

"Mzee, hayo mapera unauzaje?"

"Si mapera, mama. Ni epo."

"Epo gani imepauka hivyo? Imeiva kweli?"

Nikamkatia kipande. Hakusema kitu, alinyoosha mkono kwa kipande cha pili, kisha akanunua mawili tu, kwa shaka, kama mtu anayemkopesha shemeji pesa. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama hapo alionja pia na kuniambia waziwazi kwamba heri Granny Smith, lile tufaha la kijani, kwa sababu inachoma, hii yangu ni ya wazee. Sikubishana naye, ulimi ni wake. Lakini yuko dada mmoja wa mtaa wa Satellite ambaye kila mwaka huja kuuliza kabla hata maua hayajaanguka. Baba yake meno yamebaki ya kuhesabika. Anayaweka kabatini mpaka yalainike, kisha anamkwangulia kwa kijiko, na mzee anakula nusu tunda kwa kikao kimoja wakati tufaha la kawaida anarudisha. Huyo hajawahi kuniuliza habari ya rangi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwa wameiona nta inayopakwa tunda la dukani.

Na wasomaji wasidhani wekundu ni dalili ya utamu. Historia ya Delicious, lile jekundu refu lenye vinundu vitano chini, iko wazi. Jesse Hiatt, mkulima wa Peru, jimbo la Iowa, aliona mche umeota nje ya mstari shambani kwake, akaukata. Ukachipuka. Inasimuliwa kuwa aliukata tena kabla ya kuuachia uishi. Tunda lake alilipa jina la Hawkeye, na halikuwa jekundu tupu. Lilikuwa na mistari juu ya manjano. Kampuni ya Stark ya Missouri ikanunua haki zake miaka ya 1890 na kulipa jina la Delicious. Kuanzia hapo, kila tawi lililotokea likawa na wekundu zaidi lilikatwa vijiti na kuenezwa, kwa kuwa duka lililipia wekundu. Baada ya miaka mingi ya kuchagua kwa macho, ngozi ikawa nene na nyama ikawa unga. Ndipo watu wakalichoka. Mwaka 2018 aina ya Gala ililipita kwa mavuno huko huko Marekani, baada ya miongo likiwa mbele. Gala yenyewe, ya New Zealand, ilianza ikiwa ya manjano yenye mistari, na wekundu wake nao umekuwa ukiongezwa vivyo hivyo, tutaona.

Kuna jambo moja mwandishi wenu yuko sahihi, nalo nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalowauma wenye miti. Mitufaha mingi ya zamani inaugua. Chunguza kwenye nyufa za gome utaona kitu cheupe kama sufu. Kiminye, kidole kinatoka na rangi ya zambarau ya damu ya wadudu. Ni vidukari wa sufu. Juu hawaui mti haraka. Hatari yao iko chini: wanaingia mizizini, mizizi inafanya vinundu, mti unabaki unadhoofika mwaka hadi mwaka, matunda yanakuwa madogo. Mwenye mti anasema aina ni mbovu. Si aina. Ni mizizi.

Na dawa ya mizizi ipo, tena ni ya zamani. Huko Uingereza, vituo vya utafiti vya East Malling na Merton vilitengeneza mashina ya kupandikizia kwa kutumia Northern Spy, tufaha la Marekani ambalo mizizi yake huwashinda vidukari hao. Ndiyo maana ukienda kwenye vitalu vyetu utasikia MM106 na MM111. Herufi hizo mbili ni Malling na Merton. Unachukua kijiti cha mti wa mwalimu, unakipandikiza juu ya MM106, na umepata tunda la zamani juu ya mizizi mipya. Mti haurefuki kupita ngazi ya kawaida, na unaweza kuanza kukuonyesha matunda mwaka wa tatu hivi. Vidukari wa juu bado utawapiga kwa maji ya sabuni na kuwachunga, lakini hawatakuulia mti kwa chini. Basi kama mti wako umechoka, sijasema uuabudu. Ukate ukitaka. Kata vijiti kwanza.

Namna yenyewe si siri. Subiri mti upumzike, Julai hadi mwanzo wa Agosti, baridi ya Limuru ikiwa imeshika na ukungu haujaondoka mpaka saa tano. Chagua vijiti vya mwaka uliopita, unene wa penseli, vyenye macho yaliyolala. Usichukue yale machipukizi marefu yanayopanda wima katikati ya mti. Hayo yana haraka ya majani, hayana haraka ya matunda. Vifunge kwa gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye friji, droo ya mboga. Lakini friji hiyo isiwe na matunda. Parachichi na ndizi vinavyoiva hutoa hewa ileile inayoivisha vingine, na hewa hiyo huua macho ya kijiti. Nimepokea vijiti vilivyolazwa na maembe, vikafika vyeusi.

Kupandikiza, kisu kiwe kikali cha kunyolea. Unakata mshazari mrefu kwenye kijiti na mwingine unaolingana kwenye shina, unachana ulimi mdogo kwa kila kimoja, unavipachika pamoja. Kinachounganika si mti na mti. Ni lile tando la kijani chini ya gome. Likikutana na mwenzake hata upande mmoja tu, inatosha. Likikosana kwa unene wa ukucha, umefunga kuni kwa utepe. Zungushia utepe wa plastiki, ziba ncha kwa nta ya mshumaa, weka kivulini. Baada ya wiki tatu au nne macho yakivimba unaanza kutabasamu, si kabla.

Nisiwadanganye walio mjini. Mtufaha ni mti wa baridi. Aina nyingi za Ulaya zinataka saa karibu 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 hivi ndipo macho yaamke kwa pamoja; ukizikosesha, tawi moja linachanua, jingine limelala, na mwenye mti anazunguka na kikapu miezi sita kwa matunda ya kujaza kofia. Winter Banana hutosheka na baridi ndogo zaidi ya hiyo, ndiyo sababu huko Marekani hupandwa hata kusini mwa California. Tigoni, juu ya mita 2,000, hatufikishi hata hiyo, na kilichopungua tunakiongezea kwa mikono. Baada ya mavuno tunang'oa majani yote ya mti, jani kwa jani, kisha tunainamisha matawi kwa kamba yalale. Mti unadhani umepita msimu wa baridi, unachanua kwa pamoja. Huu si ushirikina wa Limuru. Wakulima wa Batu, Java Mashariki, nchini Indonesia, kusini ya ikweta, wameendesha kilimo kizima cha matufaha kwa kunyonyoa majani hivyo, na hupata mavuno mawili kwa mwaka.

Walio Karen na Lang'ata wanaotaka mtufaha, wapande Anna, iliyotengenezwa kibbutz, yaani kijiji cha ushirika, cha Ein Shemer kule Israeli, pamoja na Dorsett Golden ya Bahamas ili zichavushane. Hizo mbili hazihitaji baridi ya kusema. Walio Embakasi na Kitengela nawaambia kama ninavyowaambia wakija dukani: chukua embe, mama, uende nyumbani na amani.

Liko pia jambo la sheria. Aina nyingi mpya zinazosifiwa zina wenyewe. Kenya ilijiunga na UPOV, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 1999, na haki za mtengenezaji wa aina ya mmea zinalindwa hapa. Huwezi kukata vijiti vya mti uliolindwa ukaviuza kama mchicha. Na kuingiza vijiti kutoka nje kunataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, na ukaguzi, kwa sababu nzuri kabisa, magonjwa husafiri ndani ya tawi lisilo na dalili. Mti wa 1890 hauna mwenyewe. Na huu ulio Tigoni haupiti uwanja wa ndege. Kumshauri mkulima autupe kisha alipie aina ya kigeni inayolindwa ni kumshauri atupe kuku wake akakodi mayai.

Ninaandika kwa haraka kidogo kwa sababu ploti iliyopakana na ya mwalimu imeshauzwa. Palikuwa na mitufaha mingine pale, mmoja wa tunda la kijani la kukwaruza ambalo sikuwahi kupata jina lake, limeiva mwishoni kabisa, ngozi kama ya viazi lakini ladha kali tamu. Niliomba kwa msimamizi wa ujenzi niruhusiwe kukata vijiti kabla tingatinga halijaingia. Akaniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu nilikuta kuni zimepangwa vizuri, na msimamizi ananiuliza kama nataka gunia. Sasa patajengwa nyumba za ghorofa zenye jina la mti fulani, kama kawaida yetu.

Ninachoomba ni kidogo. Kwanza, ukurasa wenu wa kilimo umwambie msomaji, kabla ya kung'oa, amwite mtu wa kisu akate vijiti. Hata kumi vinatosha kuuokoa mti. Pili, watafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, na kaunti ya Kiambu wafikirie kutenga kipande, si lazima kiwe kikubwa, cha kupandikizia mitufaha na mipea ya zamani inayopatikana kwenye viwanja vinavyogawanywa, kila mmoja na kibati chake. Miche ni michache na kazi si ngumu. Nitakuja na kisu changu na sitadai nauli. Tatu, mkipiga picha ya tufaha la kienyeji, msilipake rangi.

Mwalimu amekubali vijiti vikatwe mwezi wa Julai. Nilipomwuliza kama niwatangazie watu, alikaa kidogo akasema, "Waje, Baba Wangui, lakini wasinikanyagie vitunguu." Mwenye shina la MM106 aje nalo kibandani kwangu, asiye nalo nitamtafutia. Mwandishi wenu wa kilimo naye namkaribisha, ila yeye aje Januari, matunda yakiwa juu, na aje asubuhi. Ndege wa kuzumburu wanaanza kudonoa saa mbili.

Baba Wangui,
Muuza miche, Barabara ya Ngong,
Nairobi